Omba, Kisha Usubiri Jibu: Kupanga Rejista za MCP2515 Hatua kwa Hatua

Taa za dashibodi ziliwaka zote kwa mpigo: ya injini, ya ABS, ya usukani. Tulikuwa kwenye gereji moja ya vichochoroni karibu na Kirinyaga Road, gari ni la mteja, injini inanguruma, na waya zangu mbili zimeingia kwenye soketi ya OBD, ile ya uchunguzi wa gari, chini ya usukani. Fundi hakupandisha sauti. "Boss, toa hiyo kitu yako." Nikaitoa. Taa nyingine zilizima zenyewe, nyingine zikabaki mpaka alipozifuta na mashine yake. Nikarudi nyumbani na chipu iliyokuwa imefaulu kila jaribio nililoipa mezani.

Kosa lilikuwa la namba moja ndani ya rejista moja. Nitalieleza likifika mahali pake, maana ukilielewa utakuwa umeelewa nusu ya kazi hii.

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kuandika programu ndogo ya Arduino, ameshachoka kunakili maktaba za watu mtandaoni bila kujua zinafanya nini, na anataka kuongea mwenyewe na MCP2515, chipu inayounganisha maikrokontrola na mtandao wa gari. Nairobi sasa imejaa kazi za namna hii: traka za magari, vidhibiti mwendo vya matatu, mita za mafuta za malori. Nyingi zinagusa basi la CAN kwa njia moja au nyingine.

Sitaandika msimbo wa C hapa. Nitaandika baiti zenyewe zinazopita kwenye waya, kwa heksadesimali, kwa sababu baiti hazibadiliki hata ukihama kutoka Arduino kwenda STM32 au Raspberry Pi.

Basi, chipu, na dirisha la fomu

Basi la CAN si lile la kwenda Rongai. Ni jozi ya waya zilizosokotwa, CAN-H na CAN-L, ambazo kompyuta ndogo za gari (ya injini, ya breki, ya dashibodi) hutumia kuzungumza. Bosch waliitambulisha teknolojia hii hadharani mwaka 1986, Detroit. Kila aliye kwenye basi husikia kila kitu. Anayetaka kusema husubiri kimya, kisha husema; wawili wakianza pamoja, mwenye namba ndogo ya utambulisho hushinda na mwingine hunyamaza bila ujumbe kuharibika.

MCP2515 ya kampuni ya Microchip husimama katikati. Upande mmoja inaongea SPI (njia ya waya nne ya kupitishana baiti) na maikrokontrola yako, upande wa pili inaongea CAN. Haisukumi waya za basi yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na transiva, na kwenye zile moduli za buluu zinazouzwa kila mahali Luthuli Avenue transiva huwa ni TJA1050.

Ndani ya chipu kuna anwani kuanzia 0x00 hadi 0x7F. Nyingi ni rejista, visanduku vidogo vya kumbukumbu vya biti nane nane, na mbili ndizo moyo wa mambo. CANCTRL, anwani 0x0F, ni rejista ya udhibiti. CANSTAT, anwani 0x0E, ni rejista ya hali. Zimekaa jirani, na biti tatu za juu za kila moja zinahusu jambo lilelile: chipu iko katika modi gani.

Wengi huanguka hapa. Biti tatu za juu za CANCTRL huitwa REQOP, na ni *ombi*. Biti tatu za juu za CANSTAT huitwa OPMOD, na ni *jibu*. Kuandika CANCTRL ni kama kupeleka fomu dirishani: kuipeleka si kupewa. Chipu itabadilisha modi itakapoweza. Inaweza kuchukua muda mfupi sana, au isibadilike kabisa kama kuna kinachoizuia. Anayeandika ombi na kuendelea na safari bila kusoma jibu anajenga juu ya mchanga.

Modi zenyewe, kwa biti hizo tatu:

000 – kawaida: inasikiliza, inasema, inathibitisha ujumbe wa wengine
001 – usingizi
010 – kitanzi: inajitumia ujumbe yenyewe, bila kugusa waya
011 – kusikiliza tu
100 – mpangilio: ndipo unaporuhusiwa kuweka kasi na vichujio

Waya, kwa haraka

Kwa Arduino Uno: CS kwenye pini 10, SI kwenye 11, SO kwenye 12, SCK kwenye 13, INT kwenye 2, VCC kwenye volti 5, GND kwa GND. Uno ndiyo ninayoipendekeza kwa kuanzia, kwa sababu TJA1050 inataka volti 4.75 hadi 5.25, na moduli ya buluu hulisha MCP2515 kwa volti hizohizo. Ukiiunganisha moja kwa moja na ESP32 au Raspberry Pi, pini ya SO itasukuma volti 5 kwenye pini iliyotengenezwa kwa volti 3.3. Huenda ikavumilia wiki mbili, halafu ife. Weka kigeuza volti katikati.

Kwenye moduli kuna kijumpa kidogo, J1, kinachounganisha rezista ya omu 120 kati ya CAN-H na CAN-L. Ukiwa na moduli mbili mezani, acha vijumpa vyote viwili. Ukienda kwenye gari, kitoe: gari lina rezista zake mbili tayari. Ukipima kwa mita kati ya CAN-H na CAN-L gari likiwa limezimwa kabisa, unapaswa kuona takriban omu 60.

Kabla hujawasha chochote, chukua moduli, iweke chini ya taa, usome maandishi juu ya kile kidude cha fedha chenye umbo la yai. Hiyo ni kristali, inayoipa chipu mapigo ya saa. Itasema 8.000 au 16.000. Andika namba hiyo kwenye karatasi. Usimsikilize muuzaji, usisikilize mfano wa mtandaoni. Soma chuma chenyewe.

Lugha ya chipu

SPI iwe modi 0, na kasi ya kuanzia iwe 1 MHz. Chipu inaweza kufika 10 MHz, lakini waya za bredibodi hazina adabu. Kila amri huanza kwa kushusha CS, pini ya kuichagua chipu, na huisha kwa kuipandisha. Amri nne zinatosha kukufikisha mbali:

C0 – anza upya
03 AA 00 – soma anwani AA (jibu linarudi kwenye baiti ya tatu)
02 AA TT – andika thamani TT kwenye anwani AA
05 AA MM TT – geuza biti: zile tu zilizo na 1 kwenye MM zibadilishwe zifuate TT

Tengeneza kazi tatu kwenye programu yako: soma, andika, geuza. Kila kitu kinachofuata kimejengwa juu ya hizo.

Soma na andika zinaweza kuendelea: usipopandisha CS, chipu huhamia anwani inayofuata yenyewe. Ni raha, lakini ina mtego nitakaourudia kwenye vichujio.

Hatua ya 1: Je, kuna mtu nyumbani?

Tuma C0. Subiri milisekunde 10. Baada ya kuanza upya, chipu inahitaji mizunguko 128 ya kristali kabla haijakusikiliza. Milisekunde 10 ni nyingi kupita kiasi, ila hakuna anayekufukuza.

Sasa soma:

03 0E 00 → 80
03 0F 00 → 87

CANSTAT ikisema 0x80, biti za juu ni 100: modi ya mpangilio. CANCTRL ikisema 0x87, ni modi hiyohiyo pamoja na pini ya kutoa saa ikiwa imewashwa na kugawanywa kwa 8. Hizo ndizo thamani chipu inazoamka nazo.

Ukipata FF FF au 00 00, usiguse programu. Ni waya. SO haijafika, au CS na SCK zimepishana, au moduli haina umeme. Nimeshapoteza jioni nzima nikirekebisha msimbo uliokuwa sahihi, kumbe waya ya jampa ilikuwa imekatika ndani ya plastiki, kwa nje inang'aa kama mpya. Ukipata thamani zinazobadilika kila unaposoma, shusha kasi ya SPI na ufupishe waya.

Thibitisha kuandika pia. Rejista CNF1, anwani 0x2A, inakubali thamani yoyote ukiwa kwenye mpangilio:

02 2A 55, kisha 03 2A 00 → 55
02 2A AA, kisha 03 2A 00 → AA

Thamani hizo mbili ni kinyume cha kila mmoja biti kwa biti, hivyo zikirudi salama, hakuna biti iliyokwama.

Hatua ya 2: Kasi ya basi

Magari mengi madogo huweka CAN ya soketi ya OBD kwenye kilobiti 500 kwa sekunde. Kwa hiyo biti moja huchukua mikrosekunde 2. Chipu haijui mikrosekunde. Inajua vipande vya muda vinavyoitwa TQ, na hukata kila biti kuwa vipande kadhaa. Urefu wa kipande kimoja ni:

TQ = 2 × (BRP + 1) ÷ kristali

BRP ni biti sita za chini za CNF1. Kristali ikiwa 8 MHz na BRP ikiwa 0, TQ ni nanosekunde 250. Mikrosekunde 2 gawa kwa 0.25: vipande 8 kwa kila biti.

Vipande hivyo 8 vinagawanywa hivi. Cha kwanza ni cha kusawazisha, hukipangi. Vinafuata vya usafiri, kufidia muda wa ishara kusafiri kwenye waya. Kisha awamu ya kwanza. Mwisho wa awamu ya kwanza ndipo chipu inapoangalia waya na kuamua ni 0 au 1. Kisha awamu ya pili hadi mwisho wa biti.

Mimi napenda 1 + 2 + 3 + 2. Jumla 8, na chipu inaangalia waya baada ya kipande cha 6, yaani asilimia 75 ya biti. Zipo sheria za kutimiza: usafiri na awamu ya kwanza zikijumlishwa zisipungue awamu ya pili (2 + 3 dhidi ya 2, sawa), awamu ya pili isipungue vipande 2, na iwe kubwa kuliko SJW, ile nafasi ya kujirekebisha, ambayo tutaiacha 1.

Chipu huhifadhi kila namba ikiwa imepunguzwa moja. Kwa hiyo:

CNF1 (0x2A): SJW 00, BRP 000000 → 0x00
CNF2 (0x29): biti ya juu 1 ili awamu ya pili isomwe kutoka CNF3, kuangalia mara moja tu 0, awamu ya kwanza 3 inaandikwa 010, usafiri 2 unaandikwa 001 → 1001 0001 → 0x91
CNF3 (0x28): awamu ya pili 2 inaandikwa 001 → 0x01

Anwani zimepangwa kinyumenyume, CNF3 kwanza, basi kwa andika endelevu moja unamaliza zote:

02 28 01 91 00

Halafu zisome zote tatu. Nje ya modi ya mpangilio, chipu hukataa kuandikwa CNF na haikuambii kwamba imekataa.

Sasa lile kosa langu. Mfano niliounakili ulikuwa wa kristali ya 16 MHz. Kwa 16 MHz, ili TQ ibaki nanosekunde 250, BRP inakuwa 1: CNF1 ni 0x01, na CNF2 na CNF3 hazibadiliki hata kidogo. Moduli yangu ilikuwa ya 8 MHz. Kwa 8 MHz, CNF1 ya 0x01 inatoa kilobiti 250. Nusu ya kasi kamili. Kila nilichokisikia kwenye gari lile nilikisoma kama kosa, na kila nilichokisema kilikuwa kelele juu ya mazungumzo ya wengine. CAN ina ustaarabu wake: chipu inayokosea sana hujitoa kwenye basi. Lakini programu yangu, kwa ujanja wake, ilikuwa inaianzisha upya kila ilipojitoa.

Mezani haikuonekana kwa sababu modi ya kitanzi haina mtu wa pili. Ukijisemea mwenyewe kwa kasi yoyote, utajisikia vizuri tu.

Hatua ya 3: Mlango wa kuingilia

Kwa kuanzia, zima vichujio vyote ili upokee kila kitu:

02 60 64
02 70 60

Rejista ya 0x60 inasimamia bafa (ghala dogo la ujumbe mmoja) ya kwanza ya kupokea. Biti za 6 na 5 zikiwa 11, vichujio vimezimwa. Biti ya 2 inaruhusu ujumbe kumwagikia bafa ya pili ya kwanza ikijaa. 0x70 ni ya bafa ya pili.

Baadaye ukitaka kusikia jibu la injini peke yake, utambulisho 0x7E8, utahitaji kuukata utambulisho huo wa biti 11 vipande viwili: biti nane za juu kwenye SIDH, tatu za chini zikisukumwa juu kwenye SIDL. 0x7E8 inakuwa FD na 00. Maski, inayosema biti zipi zilinganishwe na kichujio, ya kwanza iko 0x20, vichujio viwili vya kwanza 0x00 na 0x04:

02 20 FF E0 00 00
02 00 FD 00 00 00 FD 00 00 00
02 60 00

Jaza vichujio vyote viwili, hata kama unahitaji kimoja. Usichokijaza huwa na takataka ya umeme wa kwanza. Baiti mbili za mwisho za maski ziache sifuri, la sivyo kwa ujumbe wa kawaida chipu itaanza kuchuja baiti mbili za kwanza za data, na utashangaa kwa nini jibu moja linapita na lingine halipiti. Bafa ya pili ina maski yake, 0x24, na vichujio vyake vinne. Usipoipanga pia, itaendelea kupokea kila kitu kama ulivyoiacha.

Mtego niliouahidi ni huu. Kichujio cha tatu kinaishia 0x0B, cha nne kinaanza 0x10. Katikati kuna rejista nyingine, zikiwemo CANSTAT na CANCTRL. Kwa kweli, CANSTAT na CANCTRL zinajitokeza mwisho wa kila safu: 0x1E na 0x1F, 0x2E na 0x2F, hadi 0x7F. Ukiandika mfululizo na kupitiliza safu, umeandika ombi jipya la modi bila kukusudia.

Hatua ya 4: Kitanzi

05 0F E0 40

Maana yake: kwenye CANCTRL, gusa biti tatu za juu tu, ziwe 010. Kisha zunguka ukisoma CANSTAT mpaka biti tatu za juu ziseme 010, au milisekunde 100 ziishe na uripoti kushindwa. Linganisha baada ya kuchuja kwa E0, usilinganishe baiti nzima na 0x40. Biti za 3 hadi 1 za CANSTAT hubeba sababu ya kukatiza (interrupt), yaani chipu kumwita maikrokontrola. Siku utakapowasha kukatiza kwenye CANINTE, baiti nzima haitalingana tena, na programu iliyofanya kazi mwezi mzima itaganda asubuhi moja bila sababu inayoonekana.

Jaza bafa ya kutuma na ujumbe tutakaoutumia kwenye gari, utambulisho 0x7DF, ambao ukikatwa ni FB na E0:

02 31 FB E0 00 00 08 02 01 0C 00 00 00 00 00

Kisha sema itumwe, kwa amri ya baiti moja:

81

Soma CANINTF, rejista ya bendera:

03 2C 00 → 05

0x05 ni biti mbili: ya 0, ujumbe umeingia bafa ya kwanza, ya 2, bafa ya kutuma imemaliza. Tuma 90 ukifuatisha baiti 13 za 00, na utaona FB E0, baiti mbili za utambulisho mrefu ambazo hazituhusu, kisha 08 02 01 0C na sifuri zake. Amri ya 90 ina zawadi: ukipandisha CS, inashusha bendera ya kupokea yenyewe. Ya kutuma unaishusha wewe:

05 2C 04 00

Nataka kukaa hapa kidogo. Kwa nini tusisome CANINTF, tuondoe biti moja kwenye programu, turudishe baiti nzima? Kwa sababu hauko peke yako kwenye rejista hiyo. Tuseme umesoma 0x04. Unafanya hesabu, unapata 0x00. Katika mikrosekunde hizo chache, ujumbe unaingia na chipu inapandisha biti ya 0. Rejista sasa ni 0x05. Wewe unaandika 0x00. Umefuta bendera ambayo hukuwahi kuiona, na ujumbe uko ndani ya bafa lakini hakuna anayejua. Tena chipu sasa inaiona bafa ile kuwa iko huru, na ujumbe unaofuata utaandikwa juu ya ule ambao hukuusoma. Kwenye meza hutaliona kosa hili kamwe. Kwenye gari lenye mamia ya ujumbe kwa sekunde utaliona kila dakika chache na utaituhumu transiva.

Amri ya 05 inabadilisha biti ndani ya chipu yenyewe, hivyo nafasi hiyo haipo. Inafanya kazi kwa rejista chache tu: CANCTRL, CNF zote tatu, CANINTE, CANINTF, EFLG (bendera za makosa), rejista za kusimamia bafa, na mbili za pini. Ukiitumia kwingine, maski inapuuzwa na baiti nzima inaandikwa.

Hatua ya 5: Sikiliza kwanza

Hii ndiyo hatua niliyoiruka siku ile. Ombi ni:

05 0F E0 60

na CANSTAT ijibu 011 kwenye biti za juu. Katika modi hii chipu haitumi hata biti moja: haithibitishi ujumbe, haipigi kelele ya kosa. Kasi ikiwa mbovu, gari halitajua kwamba upo.

Kwenye soketi ya OBD, CAN-H ni pini 6, CAN-L ni pini 14, ardhi ya ishara ni pini 5. Pini 16 ni betri moja kwa moja. Ifunike kwa utepe. Toa J1. Washa swichi ya gari, kisha tazama CANINTF:

Bendera za biti 0 na 1 zikipanda huku biti ya 7 ikilala, unasikia ujumbe mzima na kasi ni sahihi. Biti ya 7, MERRF (bendera ya ujumbe wenye kosa), ikipanda tena kila unapoishusha, unasikia kelele: kasi si hii. Rudi kwenye mpangilio, weka CNF1 kuwa 0x01 kwa kilobiti 250 au 0x03 kwa 125 (kwa kristali ya 8 MHz), ujaribu tena. Zote zikilala, basi liko kimya: pini zimepishana, au gari halipitishi ujumbe wowote kwenye soketi mpaka liulizwe. Yapo magari ya namna hiyo, na kwa hayo utalazimika kwenda hatua ya sita ukiwa umeikagua kristali mara mbili.

Hatua ya 6: Kusema

05 0F E0 00

CANSTAT ijibu 000. Isipojibu hivyo, chipu imekwama ikisubiri basi litulie kabla ya kuingia. Mara nyingi transiva haina volti 5 au waya mojawapo umegusa ardhi.

Tuma ule ujumbe wa hatua ya nne, injini ikiwa inazunguka. 02 ni idadi ya baiti zinazofuata, 01 ni huduma ya data za sasa, 0C ni mizunguko ya injini. Jibu kutoka 0x7E8 huwa hivi:

04 41 0C 0B B8

41 ni 01 iliyoongezwa 40 kuonyesha kuwa ni jibu. 0B B8 ni 3000. Gawa kwa 4, mizunguko 750 kwa dakika. Gari limetulia. Ukibadilisha 0C iwe 05 utapata joto la maji ya injini: baiti moja, toa 40. 7B ni 123, yaani nyuzi 83.

Gari zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, na hizo ndizo nyingi barabarani kwetu, hazikuwa chini ya sheria ya Marekani iliyolazimisha CAN kwenye soketi hiyo kuanzia magari ya modeli ya 2008. Baadhi hujibu vizuri, baadhi hujibu maswali machache, baadhi hunyamaza. Ukimya wa gari si lazima uwe kosa la rejista zako.

Mambo yakiharibika

Soma EFLG, anwani 0x2D. Ukipata 0x15, furahi, kwa sababu inasema jambo moja kwa ufasaha: unatuma na hakuna anayekuthibitishia. Uko peke yako kwenye basi. Kihesabu cha makosa ya kutuma, 0x1C, kitakuwa kimesimama kwenye 128, maana kanuni za CAN haziruhusu kikue zaidi kwa kosa hilo pekee. Waya haujafika, au moduli ya pili iko kwenye kitanzi au kusikiliza tu.

Biti ya 5 ya EFLG ikipanda, umefukuzwa basini: kihesabu kimepita 255, unaongea na wote wanakukataa. Karibu kila mara ni kasi. Chipu itarudi yenyewe baada ya kuona utulivu wa biti 11 mfululizo mara 128. Usiianzishe upya kwa nguvu kama nilivyofanya mimi.

Biti za 6 na 7 ni kufurika: ujumbe ulikuja bafa zikiwa zimejaa. Hizo mbili ndizo pekee unazoruhusiwa kuzifuta kwenye EFLG:

05 2D C0 00

Na ukitaka kuondoka, huku ujumbe wako mmoja ukiwa bado unajaribiwa bila kuthibitishwa na mtu, utaomba modi ya mpangilio na CANSTAT itaendelea kusema 000. Chipu haiachi modi ya kawaida ikiwa na mzigo mkononi, na ujumbe usiothibitishwa huurudia bila kuchoka. Kwanza vunja yote, kwa biti ya 4 ya CANCTRL:

05 0F 10 10

Soma TXB0CTRL, 0x30, mpaka biti ya 3 ishuke. Rudisha biti ya kuvunja chini, la sivyo ujumbe wako ujao nao utavunjwa:

05 0F 10 00

Ndipo uombe:

05 0F E0 80

Subiri CANSTAT iseme 100. Kisha chomoa.